Mashine ya Majani Bila Spana Yake, Usilipe

Ndugu mfugaji, na wewe ndugu muuza mashine, leo tuambiane ukweli. Ni kosa kununua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe bila spana ya kufungulia visu vyake, na kuiuza hivyo ni kosa kubwa zaidi. Spana hiyo ni sehemu ya mashine, kama kamba ilivyo sehemu ya ndoo ya kisimani.

Visu havinolewi mara moja kwa mwaka. Mabua ya mahindi na majani yenye mchanga huvifanya butu haraka. Kisu butu hakikati, kinaponda. Mota inapata moto, gurudumu linakuwa zito kwa anayezungusha kwa mkono, na ng'ombe anabakiza vipande virefu horini. Kwa hiyo visu lazima vifunguliwe, na hapo ndipo tindo na nyundo hutolewa.

Najua utetezi: "Fundi hodari hufungua kwa chochote." Mwangalie vizuri huyo fundi. Anagonga nati kwa tindo hadi kona zote sita zinaisha, nati inakuwa duara kama kifungo. Safari ijayo hakuna spana itakayoishika, itabidi ikatwe. Pulaizi nayo inatafuna kona hizo hizo. Spana ya kurekebisha, ile mafundi wanayoiita spana malaya, hulegea mdomo ukiibana kwa nguvu, kisha huteleza. Na ikiteleza, mkono unakwenda wapi? Kwenye makali ya kisu. Kidole hakina spea dukani.

Kifaa kinachofaa

Chukua spana ringi au soketi yenye mpini mrefu. Ringi huzunguka nati yote na kushika kona zake, wakati spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu. Ukipata ringi au soketi yenye pembe sita ndani, ni bora zaidi kwa nati yenye kutu. Kama bolti inazunguka pamoja na nati, utahitaji spana ya pili ya kushikilia kichwa.

Usikisie namba. Bolti yenye unene wa milimita 10 mara nyingi huwa na kichwa cha 17, na ya milimita 12 huwa na cha 19, lakini zipo za 16 na 18 pia, na mashine nyingine zina bolti za inchi. Jaribu spana kwenye nati yenyewe. Ikicheza, hata kidogo, si yake.

Namna ya kufungua

1. Chomoa waya kwenye umeme. Kama ni ya injini, izime kisha vua mkanda. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu mtoto anaweza kuiwasha.
2. Zuia gurudumu kwa kipande cha mti mgumu. Usimwite mtu alishike kwa mikono.
3. Vaa glavu za ngozi, na funika makali kwa gunia lililokunjwa.
4. Safisha nati kwa brashi ya waya, tia dizeli au oili, uiache hata usiku mzima. Usichome moto, kwa sababu kisu kikipata joto kali hupoteza ugumu wake.
5. Simama mahali ambapo ukivuta spana, mkono unakwenda mbali na kisu. Vuta, usisukume.
6. Noa visu vyote kwa pamoja. Kimoja kikiwa chepesi kuliko kingine, gurudumu hutetemeka na bolti hulegea.
7. Ukirudisha, zungusha kwa mkono kwanza. Kisu kipite karibu sana na bamba bila kuligusa.

Bolti iliyoharibika usiibadilishe kwa msumari wala bolti yoyote ya kwenye kopo. Tafuta iliyoandikwa 8.8 kichwani, au zaidi. Bolti laini ikikatika mashine inapozunguka, kisu huruka, na hakichagui wa kumpiga.

Kwa wewe muuzaji

Unasema mteja anataka bei ndogo. Sawa, lakini mteja huyo atarudi akilalamika kwamba mashine yako ni mbovu, na kumbe kilichokosekana ni spana moja. Weka spana ya nati za visu pamoja na kila mashine, hata ukiongeza bei yake waziwazi kwenye risiti. Na zile seti za spana laini zinazopanuka mdomo siku ya kwanza, acha kuzileta. Unamuuzia jirani yako jeraha.

Nawe mfugaji, usiniambie huna uwezo. Kama spana ni ghali kwa mmoja, kikundi cha wafugaji kumi kinaweza kununua ringi tatu na soketi zake, zikakaa kwa mtunza vifaa na kuandikwa daftarini kila zinapoazimwa. Mnaoweza kuchangia harusi hamshindwi na hili.

Siku ya kununua, kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji afungue kisu kimoja na kukifunga tena mbele yako, kwa spana atakayokukabidhi. Akitafuta tindo, funga pochi yako, nenda duka la pili.