Maarifa ya Mkulima: Trekta Kuukuu na Gharama Zake

Mkulima wa nchi ya chini ya Taita Taveta, awe wa Voi, Mwatate au Taveta, hana siku nyingi za kulima. Mvua ya vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, tena kwa uhaba, na achelewaye kupanda mahindi au pojo aweza kukosa mavuno yote. Kwa sababu hiyo wengi hutamani trekta. Na kwa kuwa jipya ni ghali mno, hutafuta kuukuu. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini ubovu uliofichika katika chuma kikuukuu hupenda kujitokeza wakati wa kazi, nayo mvua haimngojei fundi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana Tanganyika mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanza mpango wa kulima karanga huko Kongwa. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi. Basi yakanunuliwa yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka visiwa vya Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo ilikuwa ya namna nyingi, vipuri vilikuwa haba, madereva walikuwa wamefundishwa kwa muda mfupi, na ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji. Kabla ya mwaka huo kwisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa yamesimama. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kupotea paundi milioni 36 hivi. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, uhaba wa mvua ukiwa mojawapo. Lakini ikiwa serikali yenye mali ilishindwa kuendesha mitambo isiyo na vipuri, mkulima wa ekari chache atawezaje?

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei, bali ni nani karibu naye awezaye kulitengeneza trekta hilo, na vipuri vyake vyauzwa wapi. Trekta la Ferguson TE20, lililoundwa Coventry tangu 1946 hadi 1956, na Massey Ferguson 135, lililotolewa mwaka 1964, yamedumu kwa sababu ni mepesi kufunguliwa na kufungwa, na mafundi wengi wayajua. Trekta kubwa la jina geni laweza kuuzwa kwa bei ndogo kwa sababu moja tu: mwenyewe amechoka kutafuta vipuri.

Akienda kulitazama, mnunuzi afuatane na fundi wake mwenyewe, wala si wa muuzaji. Kwanza aguse injini. Akiikuta ya moto, yawezekana imewashwa mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka; asubiri ipoe, kisha iwashwe mbele yake. Atazame mafuta ya injini: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Moshi wa buluu usiokoma waonyesha kuwa injini yala mafuta yake, na huenda ringi za pistoni zimelika. Moshi mweusi hutokana na dizeli isiyoungua vema, na pengine dawa yake ni kusafisha nozeli au chujio la hewa tu.

Baada ya hayo trekta lifungwe plau na kulimishwa, maana injini nzuri si trekta zima. Gia isiruke yenyewe wakati wa kuvuta, wala klachi isiteleze. Plau ikisha kuinuliwa, injini izimwe. Mikono ya nyuma ikishuka upesi, haidroliki imechoka. Matairi makubwa yapimwe kwa macho makali, kwa kuwa bei yake yaweza kuharibu hesabu yote. Mwisho, nambari za chasi na injini zilinganishwe na cheti cha usajili, na jina la muuzaji lihakikishwe kwa mamlaka ya usajili kabla ya fedha kutolewa.

Mnunuzi mwenye busara hatoi fedha zake zote siku hiyo. Huweka akiba ya kubadili mafuta, machujio, mipira ya maji, betri, na lolote litakalofunuka katika majuma ya kwanza. Matengenezo hayo yafanywe wakati wa kiangazi, si mawingu yakisha tanda.

Adui mkubwa wa trekta katika nchi ya Voi ni vumbi jekundu. Matrekta mengi ya zamani huchuja hewa kwa bakuli lenye mafuta, ambamo vumbi hunaswa. Bakuli hilo likiachwa kujaa tope, vumbi huingia ndani ya silinda na kuzisaga kama msasa. Siku za kulima nchi kavu, bakuli litazamwe kila siku, na radieta iondolewe mbegu za nyasi. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kufumua injini ni kazi ya fedha nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena trekta si chombo cha kila shamba. Katika miteremko ya Wundanyi laweza kupinduka na kumwua dereva, na huko matuta na jembe la mkono vyafaa zaidi. Hata nchi ya chini, mwenye ekari tatu aweza kupata faida zaidi kwa kukodi, au kwa kununua pamoja na jirani zake, mradi wapatane mapema kwa maandishi shamba la nani litalimwa kwanza na nani atalipa kipuri kikivunjika. Bila mapatano hayo, trekta moja laweza kuvunja ujirani wa miaka mingi kabla halijavunja ekari moja ya ardhi.