Kabla ya Kulipia Pambano, Muulizie Mpinzani

Desemba ikifika, Kilimanjaro hujaa. Mabasi kutoka Dar es Salaam hushusha watu Moshi usiku na mchana, magari madogo hupanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na kila ukoo una mbuzi wake anayesubiri kuchinjwa. Mapromota wa ngumi nao wameijua ratiba hiyo. Tarehe 26, siku ya mapumziko baada ya Krismasi, imezoeleka kuwa siku ya vitasa Dar es Salaam, na ndiyo siku ambayo wanaume wengi wa Kichagga wametulia nyumbani, kisusio kimeshanywewa, mbege ipo na luninga imewashwa. Hapo ndipo ubishi huanza: mapambano ya leo yanastahili hela yetu?

Hela yenyewe hutoka kwa njia nyingi. Huku kwetu hatujazoea kununua pambano moja moja. Mwenye king'amuzi hulipia kifurushi cha mwezi, kijana wa Pasua hununua bando aangalie kwenye simu, mwenye uwezo hukata tiketi ya ukumbini. Walio wengi huingia kibanda umiza kwa mia tano au elfu moja. Kwa hiyo anayesema kulipia pambano ni mambo ya Wazungu hajakaa kwenye benchi la kibanda umiza cha Majengo, pale ambapo mwenye kibanda hupandisha kiingilio mara tu jina kubwa linapotajwa. Na asiyekuwa na hela siku hiyo hubaki nje, akisikiliza kelele na kubahatisha nani kaanguka.

Ni kweli, Marekani walilipeleka jambo hili mbali zaidi. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walipokutana Las Vegas tarehe 2 Mei 2015, mtazamaji wa huko alitoa karibu dola 100 ili aone pambano akiwa sebuleni kwake, na manunuzi yakafikia milioni 4.6. Kwa viwango vya wakati ule, hizo ni karibu shilingi 200,000 kwa usiku mmoja. Huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wakielekea ibadani. Raundi 12 zikaisha, Mayweather akashinda kwa pointi, na baadaye ikajulikana kwamba Pacquiao alipanda ulingoni na bega bovu. Walionunua walikwenda mahakamani kudai kwamba walifichwa. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliwakatalia: walilipia pambano, na pambano walipewa.

Hukumu hiyo naiona ngumu kwa shabiki, lakini ina ukweli ambao mjadala wetu huukwepa. Moshi ni mji wa mnada wa kahawa. Hapa tunajua kwamba mnunuzi hatoi bei mpaka kahawa imepimwa daraja na kuonjwa kikombeni. Pambano la ngumi hununuliwa kinyume: unalipa kwanza, ndipo uonje, na likiwa chachu hakuna wa kumrudishia. Basi shabiki apime nini kabla hajatoa hela?

Jibu langu ni fupi kuliko mijadala ya vijiweni: ampime mpinzani. Utazame ubao wa kibanda umiza siku ya ngumi. Umeegemezwa mlangoni, umeandikwa kwa chaki, herufi kubwa, saa ya kuanza na kiingilio chini yake. Mara nyingi una jina moja tu. Aliyeletwa kupigana na mwenye jina hilo hatajwi, au ameandikwa nchi yake, kana kwamba Mtanzania anakwenda kupigana na Malawi nzima. Mwenye kibanda hana kosa, anaandika kinacholeta watu. Hata hivyo ubao ule unasema jambo kubwa kuhusu biashara nzima. Tunauziwa upande mmoja wa pambano. Upande wa pili umechaguliwa na mtu ambaye faida yake ni kuona mwenye jina anashinda, ili auzwe tena mara ijayo. Mpinzani aliyepoteza mapambano yake kadhaa ya mwisho, aliyefika nchini juzi, hakuja kushindana. Rekodi yake ipo kwenye tovuti ya BoxRec, na kuitafuta kwenye simu hakumalizi hata bando la siku.

Kuna wanaonijibu kwamba ngumi ni burudani, na burudani haipimwi kwa rekodi. Ushahidi wao ni Karim Mandonga wa Morogoro, na ni ushahidi mzito. Julai 2022 alikwenda Songea kupambana na Shaban Kaoneka, akiwa ametanguliza tambo ambazo nchi nzima ilizishika midomoni. Akapigwa. Umaarufu wake ukapanda. Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, na Wakenya nao wakaanza kumwimba. Hakuna bondia mwenye rekodi safi aliyechekesha watu namna ile, na kucheka nako kuna bei yake. Mtu aliyetoa elfu moja akatoka kibandani ameshika mbavu hakuibiwa.

Nakubali hoja hiyo mpaka nusu ya njia. Mtu akilipia tambo, ajue analipia tambo, na apewe bei ya tambo. Tatizo ni kwamba mwili wa anayetuchekesha ndio unaolipa salio. Julai 2023 Mandonga alipigana Nairobi na Mwanza ndani ya mwezi mmoja, akapoteza mara zote mbili. Watazamaji hatukuuliza kwa nini bondia anarudi ulingoni haraka hivyo, kwa sababu jina lilikuwa bado linauza. Na Desemba 2024, siku chache baada ya Krismasi, Hassan Mgaya alifariki baada ya kupigwa nokauti kwenye pambano Tandale, Dar es Salaam. Jina lake wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku ya msiba. Ngumi zetu zimejaa vijana wa aina hiyo, wanaopanda mapema jioni wakati kamera bado zinarekebishwa na watu bado wanatafuta viti. Thamani ya usiku wa ngumi huonekana kwao kwanza: kama wamepangiwa watu wa kiwango chao, kama daktari ameketi karibu na ulingo, kama mwamuzi ana ujasiri wa kusimamisha pambano mapema.

Tena, mapambano hayo ya utangulizi ndiyo yaliyotupa usiku mkubwa kuliko wowote wa kizazi hiki. Tarehe 8 Septemba 2018, ukumbi wa Birmingham ulijaa kwa ajili ya Amir Khan na Samuel Vargas. Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa kwa taarifa ya muda mfupi, awe ngazi ya kumpandisha Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa akitafuta pambano la kujiweka sawa. Eggington hakumaliza raundi ya pili. Aliyelipa ili amwone Khan akachelewa kuingia hakuona kilichozungumzwa Afrika Mashariki mwaka mzima. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2021, Bruno Tarimo, Mtanzania anayeishi Australia na mwenye jina la ukoo ambalo Moshi halihitaji maelezo, alipigana Manchester na Zelfa Barrett na kupoteza kwa pointi. Mabango ya usiku ule yalikuwa ya Joseph Parker na Derek Chisora. Watu wetu wakienda nje, wao ndio "Malawi" ya ubao wa mtu mwingine. Hilo lingetosha kutufanya tuwaheshimu wanaoletwa kupigana hapa.

Jambo la pili la kupima ni kama pambano litakuwepo. Septemba 2023 mashabiki walisubiri kumwona Mwakinyo akirudiana na Julius Indongo wa Namibia. Dakika za mwisho Mwakinyo akajitoa, akisema makubaliano yake na waandaaji yalikiukwa. Kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, ikamfungia mwaka mmoja. Januari 2024 akapanda ulingoni Zanzibar, ambako ngumi zilikuwa zimeruhusiwa tena miezi michache nyuma baada ya kupigwa marufuku tangu 1964. Nani alikuwa na haki kati ya bondia na promota, wanasheria wameshabishana vya kutosha. Ninachokitazama mimi ni mtu wa tatu, yule aliyepanda basi kutoka Moshi. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Nauli, malazi na tiketi ni ada ya mtoto, na pambano kuu likifutwa anaambiwa mapambano mengine yataendelea kama kawaida. Adhabu ilimwendea bondia. Kwa aliyekata tiketi, hatukusikia sheria yoyote iliyosimama upande wake.

Wakubwa wa dunia wenyewe hawajui bidhaa hii iuzwe vipi. DAZN, inayoonyesha michezo mtandaoni, iliingia Marekani mwaka 2018 ikitangaza kwamba enzi ya kununua pambano moja moja imekwisha, halafu Mei 2022 ikauza pambano la Canelo na Bivol kwa utaratibu huohuo. Novemba 2024 Netflix ilimweka Mike Tyson, mwenye miaka 58, mbele ya Jake Paul bila kuongeza bei kwa wanachama wake, ikatangaza kwamba kaya milioni 60 zilitazama, na wengi wakatazama kiduara kinachozunguka kwenye kioo. UFC nayo, ya mapigano mchanganyiko, mwaka 2025 ilitangaza kuachana na mauzo ya pambano moja moja Marekani, kwa mkataba wa miaka 7 na Paramount wenye thamani ya dola bilioni 7.7. Kwa hiyo promota wa Dar anayeota kutuuzia pambano moja moja kwenye simu ataanza biashara ambayo baadhi ya wenzake wanaihama.

Swali la nani analipa lina uzito kuliko linavyoonekana. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa saa kumi alfajiri, ardhi ya Afrika, kwa sababu walipaji walikuwa wameketi kwenye kumbi za sinema Marekani na saa ilipangwa kwa ajili yao. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo babu wa Uru hakuwa na la kubishania. Mjukuu wake analo. Mia tano yake ya kibandani, ikijumlishwa na za wenzake, ndiyo inayomwambia promota nani apangwe na nani mwezi ujao. Tukiendelea kulipia jina, tutaendelea kuletewa watu wa kuangushwa raundi ya pili.

Basi hukumu yangu ni hii. Kifurushi cha mwezi kinalipika, kwa kuwa ngumi zikiboa kuna ligi. Kibanda umiza kinalipika pia, hata kwa ajili ya kelele tu. Tiketi ya Dar pamoja na nauli, au malipo ya pekee ya pambano moja, hayo yasitoke mfukoni mpaka mabondia wote wawili wapande mzani siku moja kabla na orodha nzima ya mapambano iwe imetangazwa, pamoja na majina ya wapinzani. TPBRC nayo ina kazi moja isiyohitaji bajeti: imtake kila promota achapishe nyuma ya tiketi kwamba pambano kuu lisipofanyika, mnunuzi anarudishiwa fedha yake, ndani ya siku ngapi, na kwa njia gani. Tiketi isiyo na maneno hayo, mkazi wa Moshi asiipandie basi.