Lushoto: Majani hupukutika bondeni, si mlimani

KILA Oktoba, picha za misitu ya Ulaya na Marekani iliyogeuka nyekundu na dhahabu husambaa mitandaoni, na wapo wakazi wa Dar es Salaam wanaouliza kama Lushoto, pamoja na baridi yake, haina mandhari ya namna hiyo. Swali ni la haki, ila lina mtego wa lugha. Baadhi ya wafasiri huyaita majira hayo ya ugenini "vuli", ilhali vuli yetu, ya Oktoba hadi Desemba, ni mvua: ndipo majani yanapochipua, si yanapoanguka.

Baridi peke yake haitoshi kuugeuza msitu rangi. Miti ya kaskazini huhisi siku zikifupika, huondoa ukijani majanini, na njano iliyokuwa imejificha hujitokeza. Lushoto iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mchana wa Juni na ule wa Desemba hautofautiani hata kwa saa moja. Hapa mti hufuata maji kuliko mwanga, na kwa kuwa mvua na ukungu huulisha mlima, msitu wa Magamba hubaki kijani mwaka mzima.

Mwenye kutaka kuona majani yaliyopukutika na asimame Irente, mwendo mfupi kutoka mjini, atazame chini. Kati ya Agosti na Oktoba nyika ya upande wa Mazinde huwa ya kijivu na kahawia, mibuyu imebaki matawi matupu, na mkonge pekee ndio unaoshikilia ukijani wake. Asiende mapema mno asubuhi. Ukungu waweza kumnyima yote. Mvua za vuli zikishanyesha vema, bonde hilohilo hubadilika katika siku chache.

Mlimani kwenyewe, wanaopukutisha ni wageni: miplamu, mipichi na mipeasi ya mashambani, ambayo hupumzika katika baridi ya Juni hadi Agosti. Ni miti inayohitaji baridi ili ichanue vizuri, hivyo mkulima wake ana sababu ya kuhofia ongezeko la joto kuliko mtalii yeyote. Kwa anayesisitiza rangi nyekundu, ushauri wetu ni kwamba amekosea njia. Aelekee misitu ya miombo, Tabora kwa mfano, ambako kabla ya mvua majani huwa mekundu yakiwa machanga, si yakifa.

Lakini ipo kahawia nyingine Usambara isiyo ya majira. Ni ile ya miteremko iliyofyekwa au kuchomwa moto kwa ajili ya kilimo, na ya mahali ambapo mikulo mikubwa ilikatwa kwa mbao tangu enzi za ukoloni. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na ile ya Magamba zimeokoa sehemu ya kilichobaki. Hili si suala la mandhari tu. Mto Zigi, unaoanzia Usambara Mashariki, ndio chanzo cha maji ya Jiji la Tanga, na kabichi na karoti za Lushoto huuzwa katika masoko ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo mgeni wa Septemba, akishaitazama nyika kutoka Irente, ageuke pia atazame nyuma yake. Kahawia ya bondeni itaondoka Novemba. Ya mteremkoni haitaondolewa na mvua.