Pembe Moja ya Ua kwa Ajili ya Ndege

Katika miji ya Jinja na Mbale, kazi ya kwanza ya asubuhi kwa akina mama wengi ni kufagia ua. Majani yaliyoanguka huzolewa, nyasi hung'olewa, na udongo hubaki mtupu. Kwani ua mtupu huhesabiwa kuwa safi, na nyoka hapati pa kujificha. Desturi hiyo ina sababu zake, wala haifai kubezwa. Lakini ua wa namna hiyo hauna wadudu, mbegu wala kivuli, na mwenyewe hushangaa kwa nini ndege huimba kwa jirani tu.

Dawa yake haigharimu fedha, na badala ya kuongeza kazi huipunguza. Yatosha kuacha pembe moja ya ua bila kufagiwa, mbali na mlango na mahali wanapochezea watoto. Majani yakioza hapo, minyoo na wadudu huzaliana, naye kwarara, mwenye mdomo mrefu uliopinda, huja kudonoa riziki yake. Hata kwera, ambaye hupenda nafaka, huwalisha makinda yake wadudu. Kwa hiyo, anayenyunyiza dawa ya wadudu ua mzima huwanyima makinda hao chakula.

Miti nayo yafaa ichaguliwe kwa busara. Mpera na mpapai humlisha mwenye nyumba, na shore pia, iwapo matunda machache yataachwa mtini. Mti wa maua mekundu uitwao jjirikiti kwa Kiganda huwavuta chozi, wafyonzao utamu wa maua; nao ni mti wa asili, usiodai kumwagiliwa ukisha kushika mizizi. Huko Mbale, chini ya Mlima Elgon, miti na nyasi vina kazi nyingine: kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mafuriko ya Julai 2022 yaliuonyesha mji huo nguvu ya maji yateremkayo mlimani.

Maji ya ndege yawekwe katika sahani pana ya udongo, kina chake kisizidi vidole viwili, na jiwe katikati la kutulia. Yabadilishwe kila siku, mbu wasipate kuzaliana. Sahani iwe mahali peupe, paka asiweze kunyemelea, na iwe mbali na chombo cha kuku, kwa kuwa kideri huweza kuambukizana kati ya kuku na ndege wa mwitu.

Hapana budi pia watoto waonywe juu ya manati, na watu wazima juu ya bundi. Wengi humpiga mawe wakimdhania kuwa ana uchuro, kumbe huwinda panya wamalizao mahindi ghalani. Tena, akila panya aliyelishwa sumu, naye aweza kufa, na panya waliosalia hustarehe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.