Jiko la Jioni Lisiachiwe Mtu Mmoja

Katika miji yetu, mtumishi anayemaliza kazi saa 10 alasiri mara nyingi hufika nyumbani giza likianza kuingia. Watoto wana njaa, jiko limepoa, na maharage yangali makavu ndani ya kopo. Si ajabu basi kwamba siku za kazi familia nyingi huishia kula chipsi mayai za kibandani, usiku baada ya usiku. Chakula hicho si haramu, lakini mafuta na chumvi huzidi, mboga za majani hukosekana, na fedha ya wiki hupungua upesi.

Ndugu msomaji, wengi huutafuta muda wa kupika wakati wa jioni. Jioni muda huo haupo. Hapana budi utafutwe mapema, tena utafutwe na watu wa nyumba nzima.

Tuanze na maharage. Yakiinjikwa makavu, huweza kudai saa 2 za moto au zaidi. Yakilowekwa tangu asubuhi na maji yale kumwagwa, jioni huiva upesi zaidi na mkaa husalimika. Ni lazima yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10, kwani maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ambayo moto hafifu hauiondoi. Mwenye jokofu na apike Jumapili ya kutosha siku 3, bila kuyaunga. Ayagawe katika mabakuli madogo yapoe, ayahifadhi kabla saa 2 hazijapita. Jioni kazi itakayobaki ni kuunga tu, leo kwa nazi, kesho kwa nyanya na vitunguu, na kuyachemsha vizuri hadi yatokote tena.

Asiye na jokofu naye asikate tamaa. Dagaa wakavu waliokwisha kuchambuliwa, pamoja na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, hukaa siku kadhaa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Mchicha ulionunuliwa njiani wakati wa kurudi huiva kwa dakika chache. Pakiwa na jiko moja, mboga itangulie na kufunikwa, kisha maji ya ugali yateleke.

Hata hivyo, maarifa haya hayatafaa kitu ikiwa yatauzidisha tu mzigo wa mama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Mama wa mjini naye, akishatoka kazini, huanza zamu ya pili jikoni huku baba akisoma gazeti, pengine hili hili.

Yafaa basi kila Jumapili watu wa nyumba wakae pamoja kwa dakika 10, wapange milo ya siku 5 na kuandika jina la mtu mbele ya kila kazi. Mtoto wa miaka 8 aweza kuchambua mchele. Kijana wa sekondari, awe wa kike au wa kiume, aweza kuwasha jiko na kusonga ugali. Baba akitangulia kufika, aanze kupika bila kungoja mtu; mbuzi wa kukunia nazi hachagui mkunaji. Na siku mama anapofika wa mwisho, akute chakula ki tayari.

Faida yake haiishii tumboni. Mvulana anayejifunza leo kuunga maharage hatalala njaa kesho atakapoishi peke yake, wala hatadhani kwamba ameoa mpishi. Leo ni Jumapili: kabla jua halijachwa, orodha hiyo na ibandikwe mlangoni pa jiko, na jina la baba lisikosekane.