Msituite Siku ya Wageni Tu

Kila mwaka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, sisi tunaamshwa mapema. Wapiga ngoma wa Burundi, kwaya za makanisa, vijana wa rap, dada wanaocheza densi za Kivu, wote tunaitwa uwanjani. Viti vya plastiki vinapangwa chini ya hema, wageni wanafika na magari meupe. Tunapiga, wanapiga picha, wanapiga makofi. Mwisho tunapewa soda na biskuti, wenye bahati tisheti. Mwaka mmoja, wiki iliyofuata, tulienda kuomba chumba cha mazoezi mara mbili kwa juma. Tukajibiwa: "Muziki si kipaumbele kwa sasa."

Ndugu zetu, na ninyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo tunataka kuongea juu ya jibu hilo. Hatuandiki kwa hasira. Sawa, hasira kidogo ipo. Lakini zaidi tunaandika kwa sababu tunaona kuna kitu hakijaeleweka.

Sisi ni vijana wa Dzaleka, hapa Malawi. Zamani za Banda mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu 1994 ni kambi. Ilipangwa kwa watu kama 10,000. Leo tuko zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine. Wengi wetu tumekulia hapa. Ukituuliza kwetu ni wapi, tunataja mji tuliouacha tukiwa mgongoni mwa mama. Sasa mtu kama huyo atajivunia nini? Shamba hana, paspoti hana, ana karatasi yenye namba ya familia. Njo maana kwetu wimbo si mchezo.

Jumapili moja kijana anayechajisha simu za watu kwa sola aliweka rumba ya zamani kwenye spika yake. Mzee mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama, akaweka ndoo chini, akaanza kutueleza: hapa gitaa linaingia, sikilizeni, na hapa saksafoni. Akatuambia baa ya Bukavu aliyokuwa anaisikilizia na suruali aliyokuwa anavaa. Kumbe alikuwa fundi wa redio, mutu wa heshima zake! Tuliishi naye jirani miaka minne, tukimjua tu kama mzee anayelalamika kwenye foleni ya unga. Hatukuwahi kumuuliza. Wimbo ndio ulimuuliza.

Watu wakisema muziki ni starehe, sisi tunawakumbusha mwaka 1960. Wanasiasa wa Kongo walikuwa Brussels kujadili uhuru na Wabelgiji. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikuwa huko na wanamuziki wake wa African Jazz, na huko huko ukazaliwa wimbo "Indépendance Cha Cha". Redio zikaubeba, nchi nyingi za Afrika zikaucheza kama wimbo wao. Wazee wetu mpaka leo wakiusikia wanainuka, hata mwenye magoti mabovu.

Lakini angalieni vizuri jambo moja. Ule wimbo unataja majina ya viongozi waliokuwa wanashindana: Lumumba, Kasa-Vubu, Kalonji, Tshombe, wote pamoja katika wimbo mmoja. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Januari 1961 Lumumba akauawa. Kwa hiyo hatuwadanganyi kwamba muziki unamaliza vita. Uliwaunganisha kwa dakika chache, wao wakashindwa kukaa humo. Sisi ni watoto na wajukuu wa kule kushindwa. Lakini zile dakika chache zinatuonyesha kwamba iliwezekana kuwaita wote kwa majina yao bila kumtukana hata mmoja.

Na kuna upande mwingine ambao vijana hatupendi kuusema, ju tunaogopa kuumizana. Nguvu inayoinua ndiyo inayobomoa. Rwanda, Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki anayependwa, na nyimbo zake zilipigwa kwenye redio ya RTLM wakati wa chuki ile. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2008 miaka 15. Haikumtia hatiani kwa nyimbo zenyewe, bali kwa maneno aliyosema kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994, akichochea watu wauawe. Lakini watu walikuwa wanaijua sauti ile, waliipenda kabla. Tukiwa kambi moja, watoto wa pande zote, hatuwezi kusema muziki una nguvu halafu tukajifanya nguvu hiyo ni nzuri siku zote. Kijana anayeshika mikro hapa Dzaleka anashika kitu kizito. Tumeshasikia mistari ya rap inayotukana kabila la mtu, watu wakacheka. Tulikaa kimya, na hapo tulikosea.

Hata ndani ya kikundi chetu tumegombana. Ngoma za Burundi ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na sisi sote, hata Wakongo, tulitembea kifua mbele. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, kwa hiyo si kitu cha kuchezea. Mwaka 2017 amri ya rais kule Burundi ikakataza wanawake kuzipiga. Basi binti mmoja wa miaka 16 akaja mazoezini, akaomba fimbo za kupigia. Wazee wakakataa. Majuma matatu tulibishana. Mzee mmoja akasema: "Mukibadilisha ngoma, siku ya kurudi nyumbani mutarudi na nini?" Binti akamjibu kwa adabu: "Baba, mimi nimezaliwa hapa. Burundi naijua kwa ngoma tu. Mukininyima ngoma, mumeninyima Burundi."

Tukaona wote wawili wanaogopa kitu kimoja, kupoteza nyumbani. Leo binti anapiga. Mzee hajakubali mpaka sasa. Lakini ngozi ya ngoma ilipopasuka, yeye njo alituonyesha namna ya kuiwamba upya.

Tunajua mtatuambia: vijana, chakula kinapungua, dawa hazitoshi, na mnaongelea spika? Ni swali la haki. Sisi pia tunakula mara moja kwa siku, tunajua mgao ukipunguzwa nyumba inakuwaje. Hatuombi hela ya unga iende kwenye gitaa. Tunasema tu kwamba mtu mwenye njaa bado ni mtu, na mtu akiona yeye ni foleni tu, hata unga ukifika anaula kwa aibu.

Ushahidi uko hapa hapa. Mwaka 2014 msanii Mkongo, Menes La Plume, mkimbizi kama sisi, alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi hii. Wamalawi wanakuja kuangalia wasanii wetu na wa kwao kwenye jukwaa moja, na wageni wengine wanalala kwenye nyumba zetu. Fikirini hilo: mkimbizi anampokea mgeni, anamtandikia, anampikia. Mama anayeuza chapati anauza siku hizo. Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wanaishi nje warudi kambini, tulisikia maneno mabaya mengi juu yetu. Lakini mtu aliyewahi kulala kwako na kucheza na wewe, kukuita mwizi kunamwia vigumu kidogo. Kidogo tu, lakini sisi tunaishi kwa hivyo vidogo.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Ninyi wa mashirika: tupeni chumba, hata kile cha mikutano kinachokaa kimefungwa jioni. Mkitualika kupiga, mtuulize kwanza tunataka kupiga nini, na mtulipe jasho letu hata kama ni kidogo, kama mnavyomlipa mwenye hema. Na sisi vijana: tuwakalishe wazee tujifunze kabla hawajaondoka na nyimbo zao. Tukisikia mstari wa chuki, tuzime spika, hata kama anayeimba ni rafiki yetu.

Tarehe 20 Juni tutakuja, kama kawaida. Tutapiga vizuri, wageni watafurahi. Lakini tarehe 21 pia tutakuwepo, na ngoma zitakuwepo. Mje na siku hiyo.