Inawaka, Lakini Imeachwa

Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye saiba moja hapa Umoja Innercore. Kompyuta sita, printa moja, na karatasi mlangoni: KRA, HELB, eCitizen, CV. Kazi yangu hasa ilikuwa kuandika paswadi za watu. Mama mmoja alikuwa akija na karatasi iliyokunjwa ndani ya leso, ananiambia, "Kijana wangu, soma hapo." Hapo ni namba ya kitambulisho, PIN ya KRA na paswadi, zote pamoja. Hivyo ndivyo watu wengi wa Eastlands wanavyoongea na serikali: kwa kompyuta ya mtu mwingine.

Zote sita zilikuwa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza. Hazikuzimika, na hapo ndipo shida inapoanzia, maana ukimwambia mwenye saiba jibu ni moja tu: "Si bado inawaka?"

Inawaka, sawa. Hata mlango usio na kufuli hufunguka na kufungika vizuri. Kila mwezi Microsoft inaziba mashimo ya Windows 11, na mdukuzi akiangalia palipozibwa anajua atafute wapi kwako, ambako hakuna anayeziba. Mei 2017 WannaCry ilifunga hata kompyuta za hospitali Uingereza, na kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Wa Windows XP, iliyoachwa 2014, walitolewa chao baada ya moto kuwaka.

Si eti naitetea kampuni. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, na sisi tunauziwa ex-UK zilizochoka kwenye ofisi za huko. Watetezi wa wateja Ulaya walipiga kelele, wakaongezewa mwaka mmoja wa masasisho bure. Huku kwetu, mtu wa nyumbani alipe dola 30 au ahifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yao. Biashara ni dola 61 kwa kila mashine, mwaka wa kwanza. Kwa sita hizo ni dola 366. Saiba gani ya mtaa inatoa hiyo pesa?

Kwa hivyo anaitwa fundi wa flashi. Analazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyoitaka, anaongeza antivairasi ya kraki, anaenda na mia tano zake. Bosi, umechukua programu iliyovunjwa na mtu usiyemjua ukaipa ruhusa zote. Umemwajiri mwizi kuwa soja.

Na dawa iko, bure. Linux Mint inakimbia kwenye hizo hizo mashine kuukuu na inapata masasisho. eCitizen inataka brauza, basi. Fomu za iTax ziko pia kwa ODS. Printa itakusumbua siku mbili, sikudanganyi. Na kama kuna moja ambayo lazima ibaki Windows 10, chomoa waya wa intaneti, iwe ya kutaipu tu.

"Wateja hawajui Linux." Hiyo nimeisikia hadi nimechoka. Mteja hajui hata Windows! Anajua kuniambia "soma hapo." Asichojua, na hajawahi kuambiwa, ni kwamba karatasi yake ya siri tunaisoma mbele ya dirisha lililo wazi. Hasara ikija itakuwa yake, si yako wewe mwenye saiba.

Usiku mmoja niliweka Mint kwenye namba 4. Wiki nzima hakuna mteja aliyeuliza chochote. Bosi alipogundua akaniambia nirudishe ilivyokuwa, kwa sababu "watu watadhani imeharibika." Nilirudisha. Mwezi uliofuata nikaacha kazi.

Juzi nilipita pale. Mama wa leso alikuwa ameketi namba 4, na kijana mpya anamsomea.